Deni la Marekani na Mashabiki wa Baraka

Wapo watu, na miongoni mwao wamo wasomi wenye kustahiki heshima, ambao wakipita jioni karibu na soko la Baraka na kuwasikia vijana waliovaa fulana za Manchester na Liverpool wakihojiana kwa sauti kuu juu ya bunge la Washington, juu ya deni la serikali ya Marekani na juu ya rais yupi aliyelizidisha, hutikisa vichwa na kuuliza hayo yanawahusu nini watu ambao barabara yao ya kwenda Uvira hugeuka matope kila masika. Mimi niliyelelewa katika mji huu, baina ya maji ya Tanganyika na milima ya Fizi, na niliyepata sehemu kubwa ya ilimu yangu ya fedha za mataifa juu ya benchi za banda la video, sikubaliani nao hata kidogo, na ningependa kueleza sababu zangu bila ya haraka, kwa kuwa kadhia yenyewe si ndogo.

Banda lilikuwa la mbao na mabati, na umeme wake ulitoka katika jenereta iliyofungwa kwa mnyororo nyuma ya ukuta, kwani umeme wa bwawa la Inga, ambao taifa zima lilikopea fedha, haukupata kutufikia. Mlangoni ulisimama ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki mechi za juma na kiingilio chake. Walioketi ndani walikuwa wavuvi wa ndagala, ambao usiku wa mbalamwezi hawana kazi ziwani, na wamotari wa pikipiki za abiria, na walimu waliokuwa wakingojea mshahara, na wabadilishaji fedha waliokwisha kufunga meza zao sokoni. Na pamoja nao walikuwapo wengi waliorejea kutoka makambi ya Lugufu na Nyarugusu upande wa Kigoma, watu waliokuja na Kiswahili kilichonyooka na mazoea ya kusikiliza redio asubuhi na jioni kama mtu atimizaye faradhi. Ni hao waliotufunza kwamba mtu haingii katika mjadala akiwa mikono mitupu. Aliyesema "nimesikia" aliulizwa papo hapo: "Redio gani? Siku gani?" Na asiyeweza kujibu kwamba ni Sauti ya Amerika ya jana usiku, au BBC ya alfajiri, au RFI ambayo mwaka 2010 ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili, neno lake lilifutwa, akatakiwa kunyamaza mpaka zamu yake irudi.

Jumapili ya tarehe 7 Agosti 2011 tulikusanyika kutazama Ngao ya Jamii, Manchester United dhidi ya Manchester City. Siku mbili kabla yake, Ijumaa usiku, shirika la Standard & Poor's lilikuwa limeishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa la wakopaji wanaoaminika, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla ya hapo, baada ya majuma mengi ya ugomvi baina ya Rais Obama na wabunge wa Republican juu ya kuongeza kikomo cha deni, ugomvi uliokwisha tarehe 2 Agosti kwa sheria iliyotiwa sahihi siku ile ile ambayo hazina ilikuwa imesema ingeishiwa. Kipindi cha kwanza kilipokwisha City walikuwa mbele kwa mabao mawili, na mashabiki wa United, wasiotaka kuzungumza habari za mpira kwa dakika zile, walishukuru kupata kadhia nyingine. Mwalimu mmoja wa hesabu akainuka, akatwaa chaki, akafuta pembe moja ya ubao na kuandika 14,300,000,000,000, akihesabu sufuri kwa sauti mpaka ya mwisho, kisha akaandika chini yake neno "dola" na kurudi kwenye benchi bila ya kusema lolote. Banda zima likanyamaza. Halafu motari mmoja kijana akauliza swali ambalo, naamini, mamilioni ya watu duniani waliliuliza juma lile kwa lugha zao:

"Papa mwalimu, basi Mchina akidai chake leo, Obama atauza nini?"

Aliyemjibu alikuwa mzee fundi cherehani, shabiki wa Liverpool tangu zama za redio peke yake, mtu ambaye sauti yake haikupata kupanda hata timu yake ilipofungwa. "Mwanangu," alisema, "hiyo ni hesabu, na hesabu tumwachie mwalimu. Wewe uliza kwanza nani alitia sahihi, na nani atalipa."

Msomaji asidhani kwamba mzee yule aliitoa hoja hiyo kitabuni. Aliipata kwa timu yake. Februari 2007 Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett, waliinunua Liverpool, na riba ya fedha walizozikopa ikawa mzigo wa klabu, mpaka Oktoba 2010 ikauzwa kwa Wamarekani wengine kwa pauni milioni 300 baada ya mashitaka katika mahakama ya London. Na mashabiki wa United walikuwa na jeraha lao lililotangulia: mwaka 2005 ukoo wa Glazer wa Marekani ulilinunua klabu lao kwa pauni milioni 790, zaidi ya nusu yake zikiwa fedha za kukopa, na deni likawekwa juu ya mabega ya klabu ambalo hapo awali halikuwa likidaiwa na mtu. Kwa hiyo yule aliyekopa akawa ndiye mwenye mali, na wale waliokata tiketi Old Trafford, na kwa njia ndefu hata sisi tuliolipa kiingilio Baraka, tukawa walipaji. Machi 2010 tulimwona David Beckham, aliyekuja pale na timu ya Milan, akitoka uwanjani na skafu ya kijani na dhahabu shingoni, rangi za wale waliokuwa wakiupinga ukoo ule, na hakuna profesa ambaye angeweza kutufafanulia maana ya ununuzi kwa mkopo zaidi ya skafu ile.

Ni kwa sababu hiyo nasema kwamba mashabiki wa mpira hawakuingia katika kadhia ya deni kwa udadisi mtupu. Walikuwa wamekwisha kulipitia, na walikuwa na jina la mtu aliyekopa na tarehe aliyokopa.

Tena mzee fundi alikuwa na tajiriba nyingine, ya Zaire. Alikuwa kijana wakati Mobutu, mwaka 1974, alipowalipa Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja wakapigane Kinshasa. Na mwaka huo huo timu ya taifa ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani, ikafungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia na 3 na Brazil. Shaba ilipoteremka bei, mikopo iliyochukuliwa kwa kuitegemea ikabaki pale pale, na mwaka 1976 Zaire ikaanza safari zake za kwenda Paris kuwaomba wadai wasogeze siku. Njia kuu ya umeme kutoka Inga hadi jimbo la Shaba, iliyojengwa kwa mikopo ambayo mingi ilidhaminiwa na serikali ya Marekani yenyewe, ilipita juu ya vijiji ambavyo havikupata hata taa moja. Deni hilo halikufa na Mobutu. Lilirithiwa na Kabila baba, ambaye sisi wa Fizi tulimjua tangu siku za maskani yake ya Hewa Bora milimani, na likarithiwa na Kabila mwana, mpaka tarehe 1 Julai 2010, siku moja tu baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilipotangaza msamaha wa dola bilioni 12.3. Mtoto aliyezaliwa Baraka mwaka 1990 alizaliwa akidaiwa, na hakuna aliyepata kumwonesha hati.

Na hata baada ya msamaha, mabaki yalitufuata. Mwezi Juni wa mwaka huo wa 2011 mahakama ya juu kabisa ya Hong Kong ilitoa hukumu katika shauri la mfuko mmoja wa Marekani, FG Hemisphere, ambao ulikuwa umenunua kutoka kwa kampuni ya Energoinvest ya Sarajevo haki ya kuidai Kongo fedha za njia za umeme zilizojengwa zama za Mobutu, na sasa ukitaka zaidi ya dola milioni 100. Mahakama iliegemea upande wa kinga ya Kongo. Habari hiyo ilipofika bandani, mvuvi mmoja mwenye umri mkubwa alikumbusha kwamba Sarajevo ilikuwa katika Yugoslavia, ile ile ya mabao 9, na watu wakaguna kwa pamoja kwa namna ambayo sijapata kuisahau, kwa maana walitambua kwamba madhila ya mwaka 1974 yalikuwa yangali yakihesabiwa mahali fulani, tena kwa riba.

Jina la Ayalandi nalo liliingia bandani siku zile zile. Tulikuwa tumewahurumia Waayalandi tangu Novemba 2009, Thierry Henry alipoutuliza mpira kwa mkono kule Paris na kuwanyima Kombe la Dunia; na wazee wa upande wa Kalemie waliwakumbuka kwa jambo la kale zaidi, kwani askari wao tisa wa Umoja wa Mataifa waliuawa karibu na Niemba Novemba 1960. Mwaka mmoja baada ya ule mkono wa Henry, redio zikatangaza kwamba nchi hiyo, iliyosifiwa Ulaya nzima kwa utajiri wake, imeomba mkopo wa uokozi wa euro bilioni 85, kwa sababu Septemba 2008 serikali yake ilikuwa imezidhamini benki zote kubwa, na dhima ya wenye benki ikageuka dhima ya raia. Mwalimu wa hesabu alilieleza jambo hili kwa utaratibu: mfanyakazi wa bandari ya Dublin hakukopa, hakujenga nyumba za kifahari, hakuuza hisa, ila kodi yake ndiyo iliyolipa. Mzee fundi akauliza kama waliitishwa kura kabla ya dhamana ile kutolewa, na alipoambiwa la, akasema: "Basi ni ndugu zetu." Mwaka 2012, katika Kombe la Ulaya kule Poland, mashabiki wa Ayalandi waliinua bendera iliyoandikwa kwamba Angela Merkel anadhani wako kazini, na maneno hayo yaliposomwa na kufasiriwa bandani tulicheka kwa furaha ya watu wanaofahamiana, ilhali hatujapata kuonana.

Lakini Marekani je? Hapa ndipo mjadala ulipokuwa mgumu, na hapa ndipo alipotufaa mbadilishaji fedha, mtu mkimya aliyeshabikia Arsenal. Yeye alitoa noti ya dola 20 mfukoni, akaishika kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango na kupitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni taratibu, upande hadi upande, kama afanyavyo kila siku mezani kwake. Ukingoni palikuwa na mpasuko usiozidi punje ya mchele. "Hii," alisema, "Washington wanaipokea. Mimi hapa siipokei, kwa sababu mteja wangu hataipokea." Kisha akaeleza. Sisi Wakongomani tunalindana dhidi ya mpasuko wa noti isiyokuwa yetu, tunaikataa iliyochakaa na tunaiweka iliyo safi ndani ya kitabu isikunjike, kwa sababu tuliwahi kuziona za kwetu zikifa mikononi. Wazee waliikumbuka vema noti ya zaire milioni 5 iliyokataliwa mwishoni mwa 1992, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakaingia madukani Kinshasa Januari 1993. Zaire ilidaiwa dola, na dola haikuweza kuzichapa. Marekani inadaiwa dola, na mtambo wa dola uko kwake. Kwa hiyo Mchina hawezi kuja kuchukua mlima wala bandari. Atapewa karatasi, na hasara yake itakuwa kwamba karatasi imepungua thamani, na hasara hiyo hiyo itampata kila aliyeficha noti ndani ya kitabu, tangu Beijing hadi Baraka.

Maneno hayo yalinifungua macho kuliko lolote nililolisoma baadaye. Maana yake ni kwamba sisi nasi, maskini wa Fizi, tulikuwa wadai wa Marekani kwa kiasi chetu. Kila mama muuza ndagala aliyekunja dola 10 katika kitambaa chake alikuwa ameikopesha Washington imani yake bila ya riba, na kwa hiyo ana haki kamili ya kuuliza wale wabunge wanagombania nini. Mabao mawili ya City, kwa taarifa ya mpenda mpira, yalirudishwa kipindi cha pili na Smalling na Nani, na Nani akafunga la tatu katika dakika za nyongeza. Banda likatikisika, na sufuri za mwalimu zikafutwa na migongo ya watu.

Wanaouliza hayo yanawahusu nini watu wa Fizi wanasahau historia ya Fizi. Mwishoni mwa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare waliteremka ufukweni hapa Baraka kwa boti, na juu yao ziliruka ndege zilizoendeshwa na Wakuba waliomkimbia Castro na kulipwa na CIA, hali katika milima yetu alikuwamo Che Guevara na Wakuba wa upande wa pili. Fedha za walipa kodi wa Marekani zilitufikia wakati ule kwa sura ya mabomu, na hakuna aliyetuuliza. Julai 2010 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzitengeneza benki zao zilizoanguka, na ndani yake likatia kifungu cha 1502 juu ya madini ya Kongo, ambacho huku tulikiita Sheria ya Obama. Tangu Septemba 2010 hadi Machi 2011 serikali yetu ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na wachimbaji wa Misisi na wake zao waliokuwa wakinunua kwa daftari dukani wakarudi milimani au ziwani na madeni yasiyolipika. Nia ya waliotunga kifungu kile ilikuwa njema, nami nawastahi kwa kututaja. Walakini mtu akikutaja katika sheria yake, unawajibika kuisoma sheria hiyo.

Jambo moja zaidi nataka lieleweke na wanaotudharau. Nchi yetu imejaa ikhtilafu ambazo zilimalizwa kwa bunduki, baina ya jirani na jirani, baina ya kijiji na kijiji, na kila ukoo una makaburi yake. Katika banda lile nilishuhudia watu ambao nje walikuwa na sababu za kuogopana, wakibishana kwa ghadhabu ya kweli, mmoja akimtetea Obama na mwingine akiwatetea waliotaka serikali itumie kidogo, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba anayejibu aitaje hoja ya mwenziwe kwanza, mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Sharti hilo lilitoka katika mpira, ambapo huwezi kulikana bao ambalo wote wameliona. Nimehudhuria mikutano ya amani iliyogharimu fedha nyingi, yenye mabango na chakula cha mchana, na sikuona humo insafu kama ile.

Miaka imepita. Machi 2025 Sauti ya Amerika ikanyamaza, na wazee waliozoea kuiweka sikioni jioni wakadhani redio zao zimeharibika. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi, na katika sababu zilizotajwa na waliolitaka jambo hilo mlikuwamo deni la taifa, ingawa msaada wote wa nje haukuzidi sehemu ndogo kabisa ya matumizi ya serikali yao. Siku tatu baadaye sheria nyingine ikapandisha kikomo cha deni hilo kwa trilioni 5. Oktoba ikaja, serikali yao ikafungwa kwa siku 43, na deni likavuka trilioni 38. Kule ambako Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko taifa lolote jingine wa misaada ya dharura, wagonjwa na wakimbizi ndio walioiona hesabu hiyo kwanza. Mzee fundi hakuyaona hayo, Mungu amrehemu. Lakini swali lake lilikuwa pale, likiulizwa na vijana waliozaliwa baada ya Glazer kununua klabu.

Na sasa wameligeuzia nyumbani. Mwaka 2008 Kongo iliandikiana na makampuni ya Uchina mkataba wa dola bilioni 9, shaba na kobalti kwa barabara na majengo. Mwaka 2009 ukapunguzwa hadi bilioni 6, kwa kuwa Shirika la Fedha lilikataa kuisamehe deni la zamani nchi inayojitwika jipya. Na Machi 2024 ukarekebishwa, fungu la ujenzi likapanda kutoka bilioni 3 hadi 7. Juzi nilimkuta kijana, motari wa kituo cha sokoni, ameyaandika hayo kwa chaki ubavuni mwa orodha ya mechi, akiwauliza wenziwe nani alitia sahihi, litalipwa kwa sarafu gani au kwa madini yapi, na kama barabara ya Uvira hadi Baraka na kuendelea Kalemie imo katika hesabu hiyo au haimo. Walipinga, wakataka ajibu kwanza redio gani na siku gani, naye akawa na majibu yote mawili.